Udongo Unaometameta: Ushauri kwa Wenye Mashamba ya Graniti

Mzee mmoja wa Kasarani aliniletea udongo wa shamba lake la Machakos ndani ya pakiti ya unga. "Kijana wangu, hebu ona unavyong'aa. Haya si yale madini adimu, rare earths?" Niliulowesha kiganjani, nikausugua kwa kidole gumba. Ulikwaruza, na vipande vyembamba vikabaki vimenata kwenye ngozi kama magamba ya omena. Huo ni ulanga (mica), mzee. Madini adimu huyaoni kwa macho.

Yapo 17, na jina lenyewe linapotosha: siriamu, kwa mfano, inakaribia shaba kwa wingi ardhini. Ndani ya graniti, ule mwamba mgumu wa punjepunje, hujificha kwenye chembe ndogo za madini mengine, mojawapo monazaiti. Jiwe likioza kwa mvua na joto, feldispa na kwarzi, madini makuu ya graniti, huachana: feldispa hugeuka mfinyanzi, kwarzi hubaki mchanga, na madini adimu hushikwa na ule mfinyanzi, mengi yakishuka chini huku siriamu ikibaki juu. Kusini mwa China udongo wa namna hii huchimbwa. Hapa kwetu husikika zaidi Mrima, Kwale, ila mwamba wa pale si graniti, ni kabonatiti, mwamba uliotokana na uji wa moto wenye kaboneti nyingi.

Mahindi hayahitaji madini adimu. China wamewahi kuyatia kwenye mbolea, na ukiuziwa chupa ya aina hiyo ilhali shamba halina hata samadi, ni sawa na kumpaka manukato mwenye njaa.

Njaa ya udongo wa graniti ni ya kweli. Hautokani na volkano kama ule mwekundu wa Kabete. Una mchanga mwingi, haushiki mbolea, na mara nyingi una asidi. Kwa hiyo pima kwanza. Tembea shambani kwa zigizaga, chota sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, ukiepuka zizi, chini ya miti na palipowahi kurundikwa samadi. (Ule wa mzee ulitoka sehemu moja tu, kando ya zizi. Usingeniambia lolote.) Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, kisha peleka nusu kilo kwenye maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, Kabete.

pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 5.5, weka chokaa kwa kipimo utakachopewa, wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Mbolea ya DAP kila msimu huongeza asidi. Mbolea ya CAN igawe mara mbili, maana mvua moja kubwa huizamisha hadi mizizi isikofika. Samadi iliyooza vizuri usiikose. Kwenye mteremko, chimba fanya juu, mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu. Wakamba wanaijua kazi hiyo kuliko mimi.

Mzee alirudi baada ya majuma mawili na nusu kilo yake, kavu, imechanganywa vizuri. Bado ilimetameta. Aliniuliza bei ya chokaa.