Ada ya huduma kwenye jengo la biashara: namna ya kuikagua kabla ya kulipa

Ukipanga ofisi au duka kwenye ghorofa Nairobi au Mombasa, bili huja na kodi ya pango na ada ya huduma, yaani mchango wako kwa gharama za kuendesha jengo. Kodi watu huipigania hadi shilingi ya mwisho, ada huisaini bila kuuliza inatoka wapi. Pesa nyingi hupotelea hapo, hasa kwenye mgao.

Hatua ya 1: Soma kifungu chenyewe. Kitaje kinacholipiwa: ulinzi, usafi wa korido na vyoo, maji, umeme wa ngazi, lifti, jenereta, taka, bima ya jengo, ada ya msimamizi. Maneno "na gharama nyinginezo" yafutwe kabla hujatia sahihi. Kukarabati lifti ni huduma. Kununua lifti mpya ni mtaji wa mwenye jengo, na mkataba useme hivyo. Dalali wa kutafuta wapangaji wapya pia si mzigo wako.

Hatua ya 2: Piga mgao mwenyewe. Tuseme jengo lina futi za mraba 40,000 za kupangisha, wewe una 1,200. Fungu lako ni asilimia 3. Bajeti ya mwaka ikiwa shilingi 14,400,000, utalipa 432,000 kwa mwaka, yaani 36,000 kwa mwezi, au shilingi 30 kwa futi. Mwenye jengo aliyesajiliwa kwa VAT ataongeza asilimia 16, ifike 41,760. Dai ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA), maana bila hiyo hutaweza kurejesha VAT hata kama umesajiliwa.

Sasa angalia kigawanyo. Futi 8,000 zikiwa tupu, wasimamizi wengine hugawa kwa 32,000 zilizo na watu. Fungu lako linaruka hadi asilimia 3.75, na ada hadi 45,000 kabla ya VAT. Shilingi 9,000 kila mwezi unamlipia mwenye jengo vyumba ambavyo hajapata mpangaji! Andikisha kwamba kigawanyo ni eneo lote la kupangisha, liwe na watu au lisiwe. Pima pia chumba chako kwa futi kamba: ukihesabiwa na kipande cha korido, wengine wote wahesabiwe vivyo hivyo.

Hatua ya 3: Dai hesabu za mwisho wa mwaka. Unacholipa kila mwezi ni makadirio. Mwaka ukifungwa, yalinganishwe na gharama halisi, na kilichozidi kirudishwe au kikatwe kwenye ada inayofuata. Uliza kama mapato ya maegesho yametolewa kwenye gharama hizo, iwapo walinzi wa maegesho hayo wanalipwa kutoka kwenye ada.

Dizeli ikague kwa daftari la saa za jenereta. Jenereta ya kVA 100 ikibeba robo tatu ya uwezo wake hula takriban lita 16 hadi 18 kwa saa. Saa 40 haziwezi kumaliza lita 1,500.

Maswali ya wapangaji

*Swali: Duka langu liko chini, mlango unatazama barabara. Kwa nini nilipie lifti?*

Jibu: Kama mkataba umeweka fungu moja kwa gharama zote, utalipa. Wakati wa kujadili, omba gharama zitengwe kwa makundi: lifti na usafi wa korido za juu zigawanywe kwa walio juu pekee. Ulinzi na bima vinakuhusu.

*Swali: Mkataba wangu ni wa miaka 2. Nimetumiwa ujumbe wa WhatsApp kwamba ada inapanda mwezi ujao. Ni halali?*

Jibu: Kwanza tazama kama mkataba wenyewe unaruhusu ada kurekebishwa kila mwaka, ukiruhusu, dai hesabu. Usiporuhusu, Sura ya 301 ya sheria za Kenya hulinda upangaji wa biashara usioandikwa au usiozidi miaka 5. Masharti hubadilishwa kwa notisi iliyo kwenye fomu rasmi, ya miezi isiyopungua 2, WhatsApp haitoshi. Ukipata notisi rasmi na huikubali, mjibu mwenye jengo kwa maandishi ndani ya mwezi 1, kisha upeleke shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku notisi hiyo inapoanza kutumika.

*Swali: Niache kulipa hadi wanioneshe hesabu?*

Jibu: Hapana. Kodi, pamoja na ada hiyo, ikicheleweshwa miezi 2, mwenye jengo anapata sababu ya kisheria ya kuomba uondolewe. Lipa kiwango cha zamani kwa benki au M-Pesa, andika barua ya pingamizi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.