Jicho jekundu lisilopona: jinsi ya kulitibu

Jicho likitoa matongo wiki nzima licha ya dawa, kwanza angalia dawa inavyotiwa. Nawa mikono kwa sabuni. Chovya pamba kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, futa kutoka puani kuelekea sikioni mara moja, itupe. Dawa ikitiwa juu ya matongo hailifikii jicho.

Vuta kope ya chini, tia tone moja la kloramfenikoli (antibayotiki, yaani dawa ya bakteria) ya asilimia 0.5, la pili litaishia shavuni. Fumba jicho dakika moja. Siku 2 za mwanzo tia kila baada ya saa 2, kisha mara 4 kwa siku, na uendelee saa 48 baada ya jicho kutulia. Wengi huacha dawa mara tu jicho likitulia. Kwa joto la Tanga, chupa ikae kwenye friji. Itupwe siku 28 baada ya kufunguliwa.

Macho mekundu ya virusi hayasikii antibayotiki, na huweza kuchukua wiki 3. Msichangie taulo wala wanja. Matone ya deksamethasoni (dawa ya steroidi) usijinunulie: kama jicho lina kidonda, wekundu hupungua huku kidonda kikizidi kuchimba.

Maumivu makali, kuona ukungu, mwanga kuumiza au doa jeupe kwenye mboni: nenda Hospitali ya Bombo, Tanga, siku hiyohiyo.