Pete ya varakta inayopitisha wimbi la redio upande mmoja

Chukua bodi ya saketi ya FR4 (nyuzi za kioo na epoksi), unene mm 1.6, yenye shaba pande mbili; shaba ya chini iache nzima. Juu chonga pete ya mraba, kila upande mm 24, utepe mm 2. Acha mwanya wa mm 1 katikati ya ubavu mmoja, na mwingine kama huo ubavu unaoelekeana nao. Huo wa pili ndio wa dayodi ya varakta, mfano SMV1231: dayodi ambayo kapasitansi yake (uwezo wa kuhifadhi chaji) hubadilika kwa volti. Mwanya ukiwa mmoja tu, umeme mnyoofu (DC) ambao dayodi huutoa kwenye wimbi utazunguka pete na chaji haitojikusanya. Na chaji hiyo ndiyo kila kitu: inashusha kapasitansi ya dayodi, masafa ambayo pete huyaitikia yanapanda kadiri nguvu inavyozidi.

Mbavu mbili zilobaki zipitishie njia za upana wa mm 3 (omu 50). Ya kushoto ikae mm 0.3 kutoka kwenye pete, ya kulia mm 1. Mm 0.3 haitoki kwa kalamu ya wino. Kata kwa wembe na rula ya chuma. Wimbi la kushoto huijaza pete zaidi, masafa yanahama, njia inafunguka. La kulia, kwa nguvu ileile, halifikii hapo. Kuna wanaogeuza dayodi wakidhani wamegeuza mwelekeo. Wapi! Kinachoamua ni nafasi hizo mbili. Ukizidisha tofauti yake unalipa: mshikamano wa pete na njia zake ukiwa wa 4 kwa 1, haipiti zaidi ya asilimia 64 ya nguvu, na FR4 nayo inakula chake.

Pima kwa NanoVNA V2, kipimo kidogo kinachochora wimbi linavyopita katika kila masafa, kati ya MHz 700 na 1500. Anza bila amplifaya: pande zote mbili zitoe mchoro mmoja. Kisha tia amplifaya (kikuza nguvu) ya dB 20 kwenye mlango wa kutolea, upate kama milliwati 10, na atenyueta (kipunguza nguvu) ya dB 20 kabla ya mlango wa kupokelea, usije ukauunguza. Geuza bodi, kebo ziache. Tafuta masafa juu kidogo ya kilele cha mwanzo.

Tofauti ikififia siku za masika, mshuku hewa ya bahari kabla ya dayodi. Chumvi na mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemu) kwenye mwanya huvujisha chaji. Sugua kwa spiriti, kausha, paka vanishi, upime tena kwani vanishi hushusha masafa kidogo.

Usiunge antena, MHz 900 ni ya simu. Wala usiitegemee kulinda kisambazaji: wimbi kubwa likishafungua pete, dogo la kurudi nalo hupita humo humo. Kazi hiyo ni ya sakyuleta ya feraiti, kifaa cha sumaku kinachopeleka wimbi mlango hadi mlango kwa mzunguko mmoja tu.