Kabla hujafunga kifurushi cha Marekani

Ndugu zangu wa Mwanza mnaowatumia watoto na wajukuu vitenge Marekani: kabla hujapanda daladala kutoka Buhongwa kwenda Posta, piga simu uulize kama vifurushi vya huko vinapokelewa. Tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa mizigo ya thamani isiyozidi dola 800, na posta za nchi nyingi zikasitisha kutuma. Barua na nyaraka hazikuguswa na ushuru huo. Kwenye fomu ya forodha usiandike "zawadi" tu, maana mzigo unaweza kukwama. Andika "vitenge vya pamba 2", uzito na thamani yake. Kama umeweka pawabenki (betri ya kuchajia simu) ndani ya kifurushi, itoe kabisa. Risiti yenye namba ya kufuatilia mzigo, inayoishia na TZ, itunze mpaka mzigo upokelewe.