Pikipiki inayosumbua kuwaka: mambo ya kuzingatia kabla ya kuiuza

Pikipiki iliyokufa kabisa huuzika kwa urahisi kuliko ile inayowaka leo ikagoma kesho. Iliyokufa, mnunuzi anapiga hesabu ya injini na matairi, anataja bei, mnaelewana. Inayobahatisha hakuna anayejua ina nini, kwa hiyo kila anayekuja anaikadiria kana kwamba ina ugonjwa mkubwa kuliko ilio nao. Kazi yako kabla ya kutangaza ni moja: ujue inagoma lini na kwa nini.

Anza na wiki moja ya kuandika. Kila inapogoma andika saa, injini ilikuwa baridi au ya moto, mafuta yalikuwa kiasi gani, kulikuwa na mvua au la, na ulipobonyeza selfu (kitufe cha kuwashia kwa umeme) ulisikia nini. Mara tano au sita zinatosha kuonyesha mwelekeo. Fundi ukimpelekea pikipiki ikiwa na siku njema, ataiwasha mara moja, atakwambia nzima, na utakuwa umepoteza nauli. Ukimpelekea karatasi hiyo, ataanza kazi akijua pa kushika.

Sikiliza selfu kwanza. Ikiwa kimya kabisa, tazama vitu vya bei rahisi kabla ya kitu kingine: fyuzi, swichi nyekundu ya kuzimia, swichi ndogo iliyo chini ya mkono wa klachi. Hiyo ya klachi hulegea au hujaa vumbi, na wengi wamenunua betri mpya kwa kosa lake. Ikilia "ta!" mara moja bila injini kugeuka, chukua mita ya umeme na upime betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6, ikisoma chini ya 12.2 ichaji kwanza. Kisha mtu abonyeze selfu ukiwa umeshikilia mita kwenye vichwa vya betri. Ikiporomoka chini ya 9.5, betri imechoka. Ikibaki juu ya 12 na selfu haizunguki, umeme haufiki kwenye mota: kuna kutu kwenye vichwa vya betri, waya wa arthi umelegea, rilei ya selfu (swichi inayopeleka umeme kwenye mota) imeungua ndani, au kaboni za mota zimekwisha. Pima betri tena wakati injini inaunguruma kwa mwendo wa kati. Inapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.8. Chini ya hapo betri haichajiwi, na hata ukifunga mpya itakufa mikononi mwa mnunuzi.

Selfu ikizunguka kwa mlio mkali huku injini haigeuki, tatizo liko kwenye klachi ya selfu (inayoshikanisha mota na injini) ndani ya kava. Hilo ni la kufungua injini, na ni bora uache limalizwe kwenye bei.

Jaribu kiki kila selfu inapogoma. Kiki ikiwasha kwa pigo la kwanza au la pili, mafuta na cheche ni vizuri. Ugonjwa uko upande wa selfu tu. Hiyo ni habari njema ya kumpa mnunuzi.

Kama selfu na kiki zote zinageuza injini lakini haishiki, tofautisha mafuta na cheche palepale inapogoma, si baada ya saa mbili. Tembea na spana ya plagi na plagi moja nzima mfukoni. Chomoa plagi, ivike kofia yake, gusisha uzi wake kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka (mvuke wa petroli hushika moto), kisha geuza injini. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ikiwa nyekundu hafifu, badilisha plagi kwanza, mwanya wake mara nyingi ni milimita 0.7 hadi 0.8. Ikiwa haipo kabisa wakati injini ni ya moto, na baada ya dakika ishirini za kupoa inarudi, shuku koili, pasa koili (inayotoa ishara ya cheche) iliyo ndani ya kava la sumaku, au CDI (kisanduku kinachoamuru cheche). Waya wa koili hukatika kwa ndani: ukipoa unagusana, ukichemka unaachana.

Usimwache fundi aanze kununua vipuri kabla hajashika shingo ya pikipiki. Hapo ndipo fungu lote la waya kutoka kwenye swichi ya ufunguo na usukani hupita, na kila kona unayokata linakunjwa. Washa pikipiki ikiwa imesimama, geuza usukani polepole hadi mwisho wa kushoto, kisha kulia, halafu papasa fungu hilo kwa vidole. Injini ikikohoa au taa ya dashibodi ikizimika kwa nukta moja, umelipata. Mara nyingi ni waya mmoja uliokatika ndani ya ngozi yake, kwa nje mzima kabisa. Waya zilizoungwa kwa nailoni baada ya kufunga alamu au redio nazo zina historia ndefu ya kusingizia CDI.

Upande wa mafuta, fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, mwaga kwenye chupa safi. Maji hukaa chini kama matone. Jeti ndogo ikiziba, pikipiki husumbua asubuhi na kuzimika ikiwa sailensa (inaunguruma bila kuvutwa mafuta). Na kama inazimika baada ya mwendo wa robo saa hivi, fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa ikivutwa "fyuu" na ikawaka baada ya dakika moja, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Sindano na petroli kidogo vinamaliza kazi. Tapeti zilizobana (vali zisizo na mwanya wa kutosha) nazo hufanya injini ya moto iwe ngumu kuwaka. Zipimwe injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako.

Tengeneza vya bei ndogo: plagi, swichi ya klachi, kusafisha kabureta, waya, hata betri kama mita imeihukumu. Vikubwa acha. Mpe mnunuzi makadirio ya fundi kwa maandishi, naye apunguze kiasi hicho. Kubahatisha koili, kisha CDI, kisha rilei, ni kumnunulia mtu mwingine vipuri. Weka risiti na kipuri cha zamani kwenye mfuko.

Usiipashe moto injini kabla mnunuzi hajafika. Mzoefu hugusa kava kwa kiganja kabla hajakusalimia vizuri, na akikuta joto hatakuamini kwa lolote tena. Mwache aiwashe mwenyewe ikiwa baridi, aiendeshe, aizime, aiwashe tena. Kuijaribu kuwe na wewe nyuma yake, au aache fedha yote mezani. Kitambulisho peke yake si dhamana.

Kwa Tanzania, kadi halisi ya usajili iwe kwa jina lako. Kama ni pikipiki ya mkataba ambayo bado unamlipia tajiri, huna cha kuuza hadi akuhamishie kadi. Linganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizo kwenye kadi, lipa faini za usalama barabarani zinazosomeka kwa namba yako ya usajili (MC), hakikisha wote wawili mna TIN (namba ya mlipakodi), na ulizeni TRA (Mamlaka ya Mapato) gharama za uhamisho kabla hamjapatana nani analipa. Hamisheni mapema, pikipiki ikifanya ajali kesho, jina litakalotafutwa ni lililo kwenye kadi.

Tatizo la kuwaka liingie kwenye mkataba wa mauziano, si kwenye mazungumzo tu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuutengua mkataba. Sentensi mbili zinatosha: "Muuzaji amemweleza mnunuzi kwamba selfu wakati mwingine haifanyi kazi injini ikiwa ya moto, na kwamba kiki inawasha. Mnunuzi ameijaribu leo, ameridhika, na bei imepunguzwa kwa sababu hiyo." Wekeni saini mbele ya wakili au mashahidi, kila mtu na nakala yake. Dalali akiwepo, kamisheni yake ijulikane kabla ya siku hiyo. Malipo yakija kwa simu, angalia salio lako mwenyewe. Meseji inayoonyeshwa kwenye simu ya mtu si fedha. Mkabidhi ufunguo wa akiba pamoja na ile plagi ya mfukoni, ataihitaji.