Aliyezidiwa na dawa ya shambani: cha kufanya, na kwa nini

Huku Lushoto, msimu wa kabichi na nyanya, mfuniko wa bomba la lita 16 ukivuja mgongo mzima hulowa dawa. Baadaye aliyepiga dawa anatoka jasho jingi ilhali kuna baridi, mate yanamjaa kinywani, misuli ya mashavu inachezacheza, na mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano. Malaria haisinyazi mboni. Shuku oganofosfeti, kundi la dawa za kuua wadudu, kama profenofosi.

Neva hupeleka amri kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hunasa kwenye vipokezi vya seli ya pili. Kisha kimeng'enya huikatakata papo hapo, amri ikakoma. Dawa hizi hukifunga kimeng'enya hicho, asetilikolini ikarundikana. Vipokezi vya tezi na mapafu visipopumzika, kifua hujaa maji. Vya misuli navyo, misuli hutetemeka kisha hulegea, hata ile ya kupumulia.

Vaa glavu za mpira. Mvue nguo zote. Mkanda na viatu vya ngozi vitupwe, maana hunywa dawa na haisafiki. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi, usisahau nywele na kucha. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, mwahi hospitali, na chupa yenye lebo mwende nayo. Maziwa ni mazoea tu, hayaondoi sumu hii. Usimpe, wala usimtapishe: akiwa amelegea, vyote huishia mapafuni.

Kwa mhudumu wa afya: atropini, dawa ya kupinga sumu hii, mtu mzima miligramu 1 hadi 3 mshipani, ukiongeza kipimo maradufu kila dakika 5 mpaka mapafu yasikike makavu. Wengi hukosea kwa kusimama mboni zikipanuka. Mboni zisikudanganye, sikiliza kifua.

Atropini hukalia vipokezi vya tezi, mapafu na moyo. Vya misuli ya mwili ni vya aina nyingine, haivigusi. Ndiyo maana mgonjwa aliyekwisha kukauka mapafu, anayezungumza na kuomba uji, anaweza kuishiwa pumzi kati ya siku ya pili na ya nne. Kila unapompitia mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, usingoje abadilike rangi. Andaa mashine ya kupumulia, au mpeleke iliko.