Ukitaka ukocha msaidizi wa kikapu vyuoni Marekani, anzia chumba cha video

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma: kufua jezi, kuokota mipira, kukata video hadi usiku wa manane. Usione haya. Ukiwa bado mwanafunzi, omba kuwa meneja wa timu. Ukishahitimu, tafuta nafasi ya msaidizi anayesomea shahada ya uzamili. Malipo ni kiduchu, lakini unakaa chumba kimoja na makocha.

Hapo jifunze kuandika ripoti ya mpinzani. Ya kwanza niliandika kurasa kumi na mbili, kocha mkuu akasoma moja tu. Siku hizi naandika mambo matatu: nani anapenda kwenda kushoto, wanakimbilia mbinu gani dakika za mwisho, nani wa kumwacha arushe kutoka mbali. Mchezaji hakumbuki zaidi ya hapo.

Kisha jifunze kusajili wachezaji, maana ndiko ajira zilipo. Mjue kocha wa sekondari, mjue na mama wa kijana. Kanuni za NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) kuhusu siku za kuwasiliana na wachezaji zisome mwenyewe. Kosa lako laweza kuiponza timu nzima.

Uwe tayari kuhama. Kocha mkuu akifukuzwa, nawe unafunga virago (mimi mara mbili). Wengine hubaki: Tom Izzo alifika Chuo Kikuu cha Michigan State kama msaidizi 1983, akawa kocha mkuu 1995, akatwaa ubingwa wa vyuo 2000.